Jina Huja Mwisho: Siku Sita za Mwanagenzi wa Visukuku

Jumamosi

Treni ya kutoka Waterloo ilitushusha Axminster mchana, basi likatufikisha Charmouth, kijiji cha pwani katika kaunti ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Tuko wawili: mimi na mpwa wangu wa miaka 11, aliye kwenye likizo fupi ya Februari. Tumebeba viatu vya mpira, nyundo moja ya kupasulia mawe, miwani ya kukinga macho, lensi ya kukuza mara 10, magazeti ya kufungia vitu, na daftari hili.

Yeye ndiye chanzo cha safari hii ya kutafuta visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Kabla ya Krismasi mwalimu wao alipitisha amonaiti moja darasani, kila mtoto akaishika, naye akarudi nyumbani na swali: "Mjomba, konokono huyu alikufa lini?" Sikuweza kumjibu. Nilipoanza kusoma nikagundua hata swali lenyewe lina kasoro, kwa sababu amonaiti hakuwa konokono. Alikuwa ndugu wa ngisi na pweza, aliyejijengea gamba la kuzunguka lenye vyumba vingi, mwenyewe akiishi katika chumba cha mwisho. Tangu hapo sote wawili hatukutulia.

Nami nina deni langu la zamani. Nimezaliwa Tanga, na baba yangu alikuwa mwashi. Alikarabati nyumba za kale za mawe ya matumbawe, zile za kuta nene zilizoshikanishwa kwa chokaa. Katika chumba tulicholala watoto, lipu ilikuwa imebanduka upande wa kitanda, na chini yake palikuwa na jiwe lenye mifereji inayopindapinda. Usiku nilikuwa nikiifuata mifereji ile kwa kidole mpaka usingizi unichukue. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza ni nini kile, na baba hayupo tena wa kumuuliza.

Tumeshuka ufukweni kabla jua halijazama, tuone tu. Magharibi, kuelekea mji wa Lyme Regis, kuna genge la udongo mweusi linaloitwa Black Ven. Mashariki kuna Stonebarrow, na nyuma yake Golden Cap, lenye kimo cha mita 191, refu kuliko magenge yote ya pwani ya kusini ya Uingereza. Udongo ule mweusi ulikuwa tope chini ya bahari yenye joto, karibu miaka milioni 195 iliyopita. Sasa mvua inaulainisha, unaporomoka, mawimbi yanaosha tope na kuacha kilicho kigumu. Ndiyo maana wanaojua huja majira haya ya baridi, dhoruba ikishawafanyia kazi ya kuchimba.

Jumapili

Mwezi mpevu ulikuwa juzi, kwa hiyo ni bamvua, na mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Jedwali la maji lilionyesha yatapwa kabisa saa saba mchana. Huku kanuni ni kuingia ufukweni maji yakiwa yanatoka, na kuwa njiani kurudi mapema yakishageuka. Kati ya Charmouth na Lyme Regis pana sehemu ambapo maji yakijaa hugonga ukuta wa genge, na aliyechelewa hana pa kupitia. Kupanda juu hakusaidii: udongo ni laini, unammeza mtu mpaka mapajani.

Kabla ya kuanza tulipita Charmouth Heritage Coast Centre, kituo kilicho ghorofani katika jengo la zamani la kiwanda cha saruji, palepale ufukweni. Kuingia ni bure. Mama mmoja wa makamo anayefanya kazi pale alituambia masharti bila kuzunguka. Okoteni kilicholala huru ufukweni. Msichokoe genge. Msikae chini ya genge. Mkipata mfupa au kitu cha nadra, kileteni kiandikwe. Nilishangaa kwamba ukishaandikisha unaruhusiwa kuondoka nacho. Kwetu Tanzania sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inagusa visukuku pia, wala huokoti ukatia mfukoni hivihivi. Hapa wamechagua njia nyingine kwa sababu bahari haingoji kibali: kisichookotwa leo, wimbi la kesho linakisaga.

Tukaokota. Kwa saa tatu tuliinama kama wavuna mpunga, na kila kilichokuwa na mstari au umbo tulikitia mfukoni. Tulirudi kituoni na vipande 34, tukavipanga mezani, nami nikaanza kutaja: hili gome la mti, hili ubavu, hili jino. Yule mama alinyanyua mkono taratibu. "Kabla hujaniambia ni nini," alisema, "niambie unaona nini."

Alichukua kile nilichokiita gome la mti. Nilisema naona nyuzi nyeupe zilizosimama wima, zimebanana, unene wa kidole. Akanipa lensi. Nyuzi zilikuwa fuwele za kalsaiti, madini ya chokaa, safi kabisa, zimeota ndani ya mpasuko wa udongo. Wachimba mawe wa Dorset waliliita jiwe hili nyama ya ng'ombe, kwa kuwa limekaa kama mnofu uliokatwa kukingama nyuzi, na mpaka leo tabaka moja la genge linabeba jina hilo. Halikuwa mti, wala halijawahi kuwa na uhai. Tulikuwa navyo vipande tisa vya namna hiyo.

Ule "ubavu" ulikuwa chuma kilichooza. Yale "meno" mawili yalikuwa mawe yaliyochongwa na maji. Donge zito la rangi ya dhahabu, ambalo mpwa wangu alikuwa amelificha mfuko wa ndani, lilikuwa pairaiti tupu, madini ya chuma na salfa. Lina uzito na linang'aa, lakini halina umbo la kiumbe. Nilimwangalia mtoto usoni. Hakulia, ila alilirudisha mfukoni palepale.

Katika vipande 34, visukuku vilikuwa 11. Saba kati yake vilikuwa belemnaiti, na hivyo nimevielewa vizuri kuliko vyote leo. Kwa nje ni kama risasi ya jiwe, mviringo, ncha moja kali, rangi ya asali iliyoiva. Kimoja kilikuwa kimevunjika, na kwenye mvunjiko niliona mistari inayotoka katikati kwenda pembeni kama spoki za baiskeli, na duara ndani ya duara, ndizo tabaka za ukuaji. Upande mnene una shimo la umbo la pia, ambamo sehemu yenye vyumba ilikaa. Mnyama mwenyewe alifanana na ngisi, na "risasi" hii ilikuwa ndani ya mwili wake, upande wa mkia, ikimpa uzani wa kuogelea sawasawa. Zamani watu huku waliamini radi ndiyo inayodondosha mawe haya. Siwalaumu. Mtu akiliona shambani baada ya mvua, mbali na bahari, atasema nini kingine?

Nimejiandikia kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: UNAONA NINI?

Jumatatu

Siku ya amonaiti. Nitaandika kwa urefu, maana leo kichwa kimejaa.

Yule mama alitufundisha mahali pa kutazama. Pairaiti ina uzito karibu mara mbili ya jiwe la kawaida la ukubwa uleule, kwa hiyo mawimbi huchambua kama mtu anayepepeta mchele: changarawe nyepesi huku, vitu vizito kule. Ukiona ufukweni mkanda mweusi wa vijiwe vizito, chini ya mporomoko mpya, piga magoti hapo. Usitembee. Tulikuwa tumetembea sana jana.

Tulipiga magoti juu ya kipande cha plastiki tangu saa tano asubuhi. Upepo ulikata masikio. Dakika 20 hakuna kitu, dakika 40 hakuna kitu, kisha mtoto akanyamaza ghafla, na mimi namjua akinyamaza namna ile. Alikuwa ameshika kitu kidogo kama sarafu, cheusi chenye mng'ao wa shaba.

"Mjomba, nisikutajie jina?"

"Usinitajie. Unaona nini?"

Aliligeuza chini ya lensi, ulimi nje. "Naona duara linalozunguka. Naona mizunguko yote mpaka katikati, haijafunikana. Kuna mbavu, nene, zimeachana. Zinaenda moja kwa moja, hazigawanyiki. Mgongoni..." alilisimamisha kwa ncha za vidole, "mgongoni mbavu zinakuwa bapa, kama mtu kazikandamiza. Hakuna ukingo."

Nimeandika maneno yake kama alivyosema, kwa sababu sijui mtu mzima ambaye angesema vizuri zaidi.

Hapo nikafanya kosa. Nilitoa simu, nikapiga picha, na programu ya kutambua visukuku ikajibu mara moja: Dactylioceras. Tulifurahi, tukaliimba jina lile njia nzima mpaka kituoni. Yule mama alipolisikia alitabasamu kwa upole, akatoa kisanduku chenye Dactylioceras halisi na kukiweka kando ya chetu. Vyote viwili vina mizunguko iliyo wazi na mbavu nyingi. Lakini chake kilikuwa na mbavu nyembamba zaidi, na nyingi kati yake ziligawanyika mbili zilipofika mgongoni. Zetu hazigawanyiki. Mtoto alikuwa ameshasema hivyo ufukweni, na ni mimi niliyeacha kumsikiliza nikaisikiliza simu.

Kisha yule mama akauliza swali ambalo nadhani ndilo lenye uzito kuliko lolote nililosikia wiki hii: kimetoka tabaka gani? Dactylioceras ni maarufu kule Whitby, kaskazini, katika miamba iliyotandikwa zaidi ya miaka milioni 10 baada ya udongo wa Black Ven. Wakati mnyama wetu anazama topeni hapa Charmouth, Dactylioceras hajazaliwa. Kwa hiyo hata kabla ya kuhesabu ubavu mmoja, mahali penyewe palishakataa jina lile. Amonaiti walibadilika upesi, aina moja ikija na kupotea kabla tabaka halijawa nene, ndiyo maana wataalamu huwatumia kama saa ya kupimia umri wa miamba. Ukitenganisha amonaiti na tabaka lake umebaki na pambo la mezani.

Chetu ni Promicroceras planicosta. Neno la pili ni Kilatini: ubavu bapa. Mtoto alikuwa amelitaja jina bila kulijua.

Jioni tulipata wengine wawili, mmoja wa jamii ya Echioceras, mizunguko myembamba mingi kama kamba ya jahazi iliyozungushwa sakafuni. Kwa mwanagenzi mwenzangu atakayesoma hapa, mambo ninayotazama sasa ni haya. Je, mizunguko ya ndani inaonekana, au wa nje umeifunika? Mbavu ni nene au nyembamba, zimenyooka au zimepinda, zinagawanyika? Mgongo ni mviringo, bapa, au una ukingo kama mkuku wa ngalawa? Na ikiwa gamba la nje limebanduka, utaona mistari iliyosukwa kama majani ya mkangaga. Hiyo ni mishono ya kuta za vyumba. Ndugu yake nautilasi ana mishono rahisi, imepinda tu taratibu. Ya amonaiti ina vikunjo ndani ya vikunjo. Mishono hii huniacha mdomo wazi. Ni kazi ya mikono iliyofanywa na kiumbe asiye na mikono.

Jumanne

Lyme Regis. Maji yalipwa kabisa saa nane na nusu, tukaenda moja kwa moja Monmouth Beach, magharibi ya gati la kale liitwalo Cobb. Miamba ya hapa ni ya zamani kidogo kuliko ya Charmouth: tabaka la chokaa la kijivu, tabaka la udongo, chokaa tena, udongo tena, kama keki. Maji yakipwa unatokea uwanja wa mwamba uliojaa amonaiti wakubwa, mamia yao, wamelala walipozama. Mwingine ana upana wa sinia la pilau. Mpwa wangu alilala chali kando ya mmoja nimpige picha. Kichwa chake kilitosha ndani ya mzunguko wa nje.

Hapa hakuna nyundo. Ni mahali pa kuangalia na kuacha. Nilimwona mtu mzima akipapasa mwamba kwa patasi, nikasimama karibu naye bila kusema neno mpaka akaiweka mfukoni.

Kwenye mwamba huohuo tuliokota chaza mnene aliyejikunja kama ukucha, Gryphaea, ambaye Waingereza humwita ukucha wa shetani. Kombe la chini ni nzito na limepinda, la juu ni kifuniko bapa. Alilalia tope kwa upande mzito ili asizame. Mimi nilimtambua mwenyewe, bila msaada, na moyo ulinidunda kama wa kijana.

Mchana tulikaa jumba la makumbusho la Lyme Regis. Limejengwa mahali ilipokuwa nyumba ya Mary Anning, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1799. Baba yake alikuwa seremala wa makabati ambaye aliokota visukuku na kuwauzia wageni, akafa mwaka 1810 akiacha madeni. Mwaka uliofuata kaka yake Joseph aliona fuvu kubwa gengeni, na Mary, mwenye miaka 12, aliutafuta mwili mpaka akaupata. Alikuwa iktiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo la pomboo. Mwaka 1823 akapata plesiosauri wa kwanza aliyekamilika, mtambaazi mwingine wa baharini, huyu wa shingo ndefu. Alijifundisha mwenyewe kusoma mifupa, alipasua samaki na ngisi ili alinganishe. Mabwana wa London walinunua vitu vyake, wakaandika makala, na mara nyingi jina lake halikutajwa. Chama cha wanajiolojia cha London hakikupokea wanawake maisha yake yote. Alifariki mwaka 1847, akiwa na miaka 47.

Nilisimama mbele ya picha yake, ile aliyovaa kofia, mbwa wake pembeni, na akili yangu ikaenda Lindi. Kule Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauri iliyopelekwa Berlin. Kati ya matabaka ya mifupa ile kuna matabaka ya mchanga wa bahari yenye makombe ya jamii ya Trigonia, maana bahari ilikuwa ikija na kurudi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mamia ya watu walichimba chini yake, na mizigo ikabebwa kichwani na begani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Nilisoma shule Tanzania, nikaambiwa habari ya dinosauri wa Berlin, sikuambiwa habari ya Boheti. Nililijua jina lake nikiwa ughaibuni, nikiwa na mvi. Mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2015 iktiosauri mmoja aliitwa Ichthyosaurus anningae. Mchimbaji wa Tendaguru na binti wa seremala wa Lyme: majina haya mawili yalikuja karibu karne au zaidi baada ya kazi yao.

Nje, upepo wa bahari ukivuma, mpwa wangu alisimama mbele ya sanamu ya Mary Anning iliyosimikwa mwaka 2022, akamwonyesha Promicroceras yake, akairudisha mfukoni. Sikumuuliza alimwambia nini.

Jumatano

Mvua na dhoruba. Kituoni walishauri watu wasiende ufukweni, nasi tukatii. Tangu alfajiri tulisikia mngurumo mara mbili, mzito, kama gari la mchanga linapomwaga. Ni genge.

Siku ya ndani, ya kuosha na kuandika. Pairaiti ina ugonjwa wake. Chumvi na unyevu vikibaki ndani, madini hugeuka asidi, unga mweupe wa manjano hutoka, na amonaiti aliyedumu miaka milioni 195 anapasuka katika kabati lako ndani ya miaka michache. Tiba ni kuloweka katika maji baridi yasiyo na chumvi, kubadili maji kila siku, kukausha kabisa, kisha kuhifadhi kwenye boksi pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya. Mabakuli matatu ya nyumba ya wageni yamejaa visukuku. Mwenye nyumba alitazama, akaleta la nne.

Kila kipande kimepata kikaratasi: tarehe, mahali, mbali kiasi gani na genge, kilikuwa huru au ndani ya jiwe, tunachokiona. Mstari wa mwisho ni wa jina. Nane bado mstari huo hauna kitu.

Kwa lensi nimeona kwenye jiwe moja la Jumapili kitu nilichokipita: vinyota vya ncha tano, kila kimoja kama punje ya mchele, vimepangana kama shanga. Ni pingili za shina la krinoidi, ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Aina ya hapa, Pentacrinites, walijishika kwenye magogo yanayoelea wakaning'inia chini kama pazia, mpaka gogo likalemewa likazama nao.

Alhamisi

Dhoruba imeondoka, na bamvua imekwisha; maji ni mafu, hayatoki mbali. Yalipwa saa kumi jioni. Tulianza saa saba na nusu, na Stonebarrow hatukuitambua. Ulimi mpya wa tope jeusi ulikuwa umeshuka mpaka majini. Tulikaa mbali nao, tukafuata pale mawimbi yalipokuwa yanaunyonya.

Saa tisa na dakika kumi niliona jiwe la mviringo, jeusi, kama kete kubwa ya drafti, limelala nusu mchangani. Nilikuwa karibu kulipita. Nikapiga magoti nikajiuliza kwa sauti, mtoto akiandika.

Naona duara, upana sentimita 5, unene sentimita 2. Uso wa juu umebonyea kuelekea katikati, kama bakuli. Nikaligeuza. Uso wa chini nao umebonyea. Ukingo una vinundu viwili upande mmoja, na viwili upande wa pili. Ni zito kuliko linavyoonekana. Pale lilipomeguka, chini ya lensi, naona matundu madogo, mengi, yamepangana kama ya mkate. Mawe mengine yote ya ufukwe huu tuliyoyatazama kwa siku nne hayana matundu yale.

Mtoto aliacha kuandika. "Mjomba," akanong'ona, "mifupa ndiyo yenye matundu."

Kituoni yule mama hakutusaidia. Alivuta kiti akasema, haya, endeleeni. Nikasema ni pingili ya uti wa mgongo. Akauliza ya nani. Plesiosauri, nikasema, pingili zake ni ndefu zaidi, nyuso zake karibu bapa, na chini zina vitundu viwili vya mishipa. Hii ni fupi, imebonyea pande zote mbili, na vitundu vile havipo. Iktiosauri. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua daftari la kumbukumbu na kuandika mahali, saa na vipimo, akatupigia picha ya pingili juu ya rula. Aina ipi ya iktiosauri? Alitikisa kichwa. Kwa pingili moja iliyo huru haisemeki, na mtu atakayekutajia anakudanganya. Tuliandika "iktiosauri" na kuishia hapo.

Ijumaa asubuhi, ndani ya treni

Pingili imefungwa katika shati langu, mtoto amelala juu ya begi. Jana usiku nilimpigia simu kaka yangu Tanga, anayekaa nyumba ya baba. Nilimuomba aende chumba cha watoto, upande wa kitanda, apige picha ukuta pale lipu ilipobanduka, na aweke sarafu ya shilingi 200 kando kwa kipimo. Alicheka sana, lakini picha imeingia sasa hivi, tumeipita Salisbury.

Nimefungua ukurasa mpya. Naona mabonde yanayopindapinda, hayakatizani, kila moja na upana wa milimita 5 hivi. Naona kuta nyembamba kati ya bonde na bonde, na juu ya kuta vijimeno vilivyopangana sawasawa. Naona alama ya mwiko wa mwashi ukingoni, na chokaa. Mahali: Tanga, ukuta wa mashariki. Tabaka: nimemtumia kaka ujumbe aulize wazee mawe ya nyumba ile yalikatwa wapi. Jina: